Baiskeli na Mwili wa Mpandaji

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja litakalowafaa wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi pia. Nimechagua baiskeli. Huenda wengine watacheka na kusema kwamba baiskeli si somo, kwani kila mtoto wa Kigoma huijua tangu hajaanza shule. Ni kweli kwamba tunajua kuipanda; lakini kuipanda ni jambo moja, na kuielewa ni jambo jingine.

Mimi nakaa Bangwe na nafundisha Fizikia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekwenda kazini kwa baiskeli, nimeshindana katika mbio ndogo za mitaani siku za sikukuu, na jioni nimewatengenezea jirani zangu baiskeli zao. Sijapata kuwa bingwa wa mahali popote. Lakini katika miaka hiyo nimejifunza jambo moja ambalo nataka kila msomaji alishike: baiskeli yapasa ipimwe kwa mwili wa mpandaji, wala mwili usilazimishwe kuifuata baiskeli. Apuuzaye jambo hili hulipa kwa magoti yake.

BAISKELI YETU ILIVYO

Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo. Tangu siku hizo umbo la baiskeli halikubadilika sana. Baiskeli kubwa nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, tuliyoizoea huku kwetu kwa majina kama Raleigh na Phoenix, ni mjukuu wa karibu wa ile ya Starley.

Baiskeli hii ni ya kazi. Fremu yake ni nzito, keria yake ni imara, na chuma chake hustahimili mashimo. Kila asubuhi waweza kuziona zikipanda kutoka mwalo wa Katonga na dagaa au migebuka, na nyingine zikiingia mjini na madumu ya mawese au mikungu ya ndizi. Basi, ni chombo cha mtu mzima mwenye mzigo. Haikutengenezwa kwa ajili ya mvulana wa miaka kumi na minne, wala kwa ajili ya msichana mwenye sketi ya shule. Hata hivyo, ndiyo hiyo hiyo ambayo watoto wetu huipanda kwenda shule. Mtoto mdogo hupitisha mguu chini ya chuma cha juu, akaenda amejipinda upande kama mtu aliyeteguka kiuno. Na akirefuka kidogo hukaa juu ya kiti alichokiacha baba yake, bila kukigusa.

KISA CHA MWANAFUNZI MMOJA

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuwa akitoka mbali kuja shule kwa baiskeli ya baba yake. Muhula ulipofika katikati akaanza kukosa siku moja, kisha mbili, kwa juma. Nilipomwuliza alinijibu, "Shikamoo Mwalimu. Goti linaniuma mbele, hasa nikipanda mlima. Baba amesema kama ni hivyo, afadhali nipumzike shule mpaka mwakani."

Nilikwenda kumwona mzee wake. Nilimkuta uwanjani akifunga madumu. Nikamwamkia, akaniitikia na kunipa kigoda. Nilipotaja habari za goti, akasema, "Mwalimu, sikatai mwanangu asisome. Lakini baiskeli hii ndiyo mkono wangu wa kuume. Siku za mzigo ni yangu, siku nyingine ni yake. Sina fedha ya kununua ya pili."

Niliitazama baiskeli yenyewe. Kiti kilikuwa kimeshushwa kabisa, karibu kinagusa fremu. Sababu yake ilikuwa nzuri: mtu mwenye madumu mawili ya mawese nyuma hana budi kuweza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili akisimama, ama sivyo mzigo humwangusha. Kwa hiyo kwa baba kiti kilikuwa mahali pake. Lakini kijana alikwisha mpita baba yake kwa urefu, na kila alipokanyaga pedeli goti lake lilikunjwa mno, nalo likasukuma kwa nguvu likiwa katika hali hiyo ya kukunjwa. Akifanya hivyo maelfu ya mara kila siku, mfupa wa pia ya goti hukandamizwa juu ya mfupa wa paja, na maumivu huja mbele ya goti.

Tulichofanya hakikugharimu hata senti moja. Tulimpima kijana, tukapandisha kiti, kisha tukakwaruza alama mbili kwenye nguzo ya kiti kwa msumari: alama ya chini ya mzee na mzigo wake, na alama ya juu ya kijana na vitabu vyake. Kubadili kutoka moja hadi nyingine ni kazi ya spana moja na dakika mbili. Tulimpumzisha kijana kwa majuma mawili, akawa anakuja shule kwa miguu na kwa kupakiwa na wenziwe. Kisha akarudia baiskeli polepole. Muhula uliofuata hakukosa siku kwa sababu ya goti. Mzee naye hakupoteza siku ya mzigo hata moja.

JINSI YA KUPIMA KITI

Sasa nitaeleza njia yenyewe, ili kila mtu aweze kuifuata nyumbani.

Kwanza, pima urefu wa ndani wa mguu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, nyayo zimeachana kidogo. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukielekea juu, ukakivute juu mpaka kikae kama vile umekaa juu ya kiti. Mwenzio apime kwa utepe kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni.

Pili, zidisha urefu huo kwa 1.09. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, waliwapima waendeshaji katika juhudi fupi za nguvu, wakaona ya kuwa kazi ilikuwa bora kiti kilipokuwa kwenye asilimia 109 ya urefu wa ndani wa mguu. Kipimo hiki hutoka juu ya pedeli iliyoshuka chini kabisa, kikafuata mstari wa nguzo ya kiti, mpaka juu ya kiti. Mathalan, mwenye mguu wa sentimita 80 atapata 80 × 1.09 = 87.2. Kwa anayeanza, au kwa anayepita penye watu wengi na kusimama mara kwa mara, ni vema kushuka sentimita moja au mbili.

Tatu, hakikisha kwa kisigino. Kaa juu ya kiti, mwenzio akishika baiskeli isianguke. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini. Mguu uwe umenyooka, lakini nyonga zisiteremke upande mmoja kuitafuta pedeli. Kisha weka mahali pake sehemu pana ya wayo, iliyo nyuma ya vidole. Hiyo ndiyo sehemu ya kukanyagia. Utaona kwamba goti limekunjika kidogo. Wataalamu wa siku hizi hupima kunjo hilo na kutaka liwe kati ya digrii 25 na 35.

Nne, angalia usalama wa nguzo. Usiivute nguzo ya kiti mpaka ibaki ncha tu ndani ya fremu. Nguzo nyingi zina alama ya mwisho. Ambayo haina, acha sentimita saba au zaidi zibaki ndani. Nguzo ikichomoka au kuvunjika safarini, msiba wake ni mkubwa kuliko maumivu ya goti.

Tano, tazama fremu. Simama ukiwa umepitisha mguu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Pasipokuwa na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yako na chuma cha juu, fremu hiyo ni kubwa kwako, na hakuna kiti kitakachoiponya. Subiri urefuke, au tafuta ndogo zaidi. Baiskeli isiyo na chuma cha juu humfaa msichana kwa ajili ya sketi, na pia humfaa mvulana mfupi. Hakuna aibu ndani yake.

Sita, usukani. Ukishika usukani, viwiko viwe vimelegea, visikazwe kama fimbo. Ukiona kwamba hukufikii ila kwa kujinyoosha, sogeza kiti mbele kidogo au inua usukani.

Mwili wenyewe pia hutoa habari. Maumivu yakiwa mbele ya goti, mara nyingi kiti kiko chini mno. Yakiwa nyuma ya goti, au nyonga zikiyumba huku na huku, kiti kiko juu mno. Viganja vikifa ganzi, uzito mwingi umeangukia usukani. Pandisha usukani, au tazama kama ncha ya kiti imeinama mbele. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, tena kwa kiasi kidogo, kisha panda siku kadhaa kabla ya kubadili jingine. Ukibadili matatu pamoja, hutajua lipi lililokuponya. Na maumivu yasiyokwisha yapelekwe kwa daktari, wala si kwa fundi baiskeli.

HESABU YA MENO

Magoti huharibiwa pia na meno ya baiskeli yasiyolingana na nguvu za mtu. Hesabu meno ya gurudumu la meno la mbele, kisha ya nyuma. Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 20. Gawanya: 44 ÷ 20 = 2.2. Maana yake, kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.2. Gurudumu la inchi 28 huenda karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Waweza kuhakikisha kwa kutia alama ya chaki kwenye tairi na kulisukuma mpaka alama irudi chini. Basi mzunguko mmoja wa pedeli hukupeleka 2.2 × 2.2, yaani mita 4.84. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, utakwenda mita 290 kwa dakika, ambazo ni kilomita 17.4 kwa saa.

Sasa weka meno 22 nyuma badala ya 20. Mzunguko mmoja utakupeleka mita 4.4 tu, na mwendo wako kwa mizunguko ile ile utakuwa karibu kilomita 15.8 kwa saa. Umepoteza mwendo kidogo, lakini kila mkanyago umepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kwa mtu apandaye kutoka Mwandiga kuelekea Kalinzi na Manyovu, sehemu hiyo moja ni faida kubwa. Hapa ndipo tunapoona ile kanuni ya mashine tuliyoisoma darasani: upatacho katika nguvu hukilipa kwa umbali. Hakuna mashine itoayo vyote viwili bure.

Nao mnyororo utunzwe. Wapo wanaoupaka mawese kwa kuwa yapo jikoni. Mawese huganda, hushika vumbi, na vumbi husaga chuma kama msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa, utie mafuta mepesi ya mashine, kisha ufute yaliyozidi.

UPEPO NA MASHINDANO

Kila aliyekwenda Ujiji kutoka mjini wakati wa kiangazi, upepo wa kusi unapovuma kutoka ziwani, anajua kwamba adui mkubwa wa mpanda baiskeli penye tambarare haonekani kwa macho. Ukizidisha mwendo wako mara mbili siku isiyo na upepo, hewa hukuzuia mara nne. Na kwa kuwa unaisukuma hewa hiyo kwa upesi mara mbili, nguvu unayotoa kuishinda huwa mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 20 kwa saa mpaka 30 si nyongeza ya nusu tu. Nguvu ya kuishinda hewa huongezeka zaidi ya mara tatu. Na sehemu kubwa ya kizuizi hicho hutokana na mwili wa mpandaji wala si baiskeli.

Kwa hiyo katika mbio watu hufuatana kwa karibu, mmoja nyuma ya mwingine. Wa nyuma huokoa karibu robo mpaka theluthi ya kazi yake. Lakini wa mbele naye atachoka, basi hupokezana. Katika mbio zetu za sikukuu nimeona mara nyingi kijana mwenye nguvu kuliko wote akitoka mbio peke yake tangu mwanzo, akashangiliwa, na mwishoni akapitwa na watu watano waliokuwa wakipokezana kimya kimya. Nimewahi kuwa mmoja wa wale watano. Hatukuwa na nguvu kumshinda, tuligawana upepo.

Historia ya mashindano ina mifano mizuri ya kipimo cha mwili. Mskoti Graeme Obree alijitengenezea baiskeli yake mwenyewe, akatia ndani yake beringi za mashine ya kufulia nguo, na akajipangia namna ya kukaa ambayo mikono ilikunjwa chini ya kifua. Tarehe 17 Julai 1993, huko Hamar katika nchi ya Norway, alikwenda kilomita 51.596 kwa saa moja, akaivunja rekodi ya kilomita 51.151 ambayo Mwitalia Francesco Moser aliiweka mwaka 1984. Siku moja kabla alikuwa amejaribu akashindwa. Rekodi yake ilidumu siku sita tu kabla ya Chris Boardman kuipita, na mwaka 1994 wakuu wa mchezo wakaipiga marufuku namna yake ya kukaa. Lakini alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba fundi afikiriye vema katika karakana ndogo aweza kushindana na viwanda vikubwa.

Mbelgiji Eddy Merckx, aliyeshinda Tour de France mara tano, alianguka vibaya katika mbio za Blois mwezi wa Septemba 1969, na nyonga yake haikurudi kama zamani. Tangu siku hiyo alizoea kupandisha na kushusha kiti chake kidogo kidogo, hata katikati ya mashindano. Ikiwa bingwa kama huyo hakuona haya kukigusa kiti chake, kwa nini sisi tuone haya?

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na ujanani alipanda pamoja na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France ya mwaka 2024, akatwaa na fulana ya kijani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio hizo. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, tena katika mji wa Kigali, kaskazini yetu, ng'ambo ya Burundi. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita zipatazo 267 katika vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Mbio za wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Wasichana wa shule yetu wakumbuke pia kwamba mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wanawake wa chini ya miaka 23 walipewa mashindano yao wenyewe.

USALAMA

Kwenda mbio bila kuweza kusimama si ushujaa. Ringi nyingi za baiskeli zetu ni za chuma, na chuma kikilowa mvua breki hushika kwa shida sana. Wakati wa masika, uteremkapo kutoka vilimani, bana breki polepole mapema ili kuifuta ringi maji, wala usingoje mpaka uone gari. Kabla ya kutoka nyumbani, kagua breki zote mbili, bonyeza matairi, na tikisa usukani. Usiku washa taa mbele na uwe na kiakisi nyekundu nyuma. Mwenye uwezo wa kununua kofia ngumu ainunue kabla ya pambo jingine lolote.

MANENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapendwa, mtoto akilalamika maumivu ya goti, msiharakishe kumwita mvivu. Mpandisheni juu ya baiskeli, mkamtazame akikanyaga. Kama kiti si chake, mtengenezeeni alama yake. Baiskeli moja yaweza kuwatumikia wawili au watatu, mradi kila mmoja awe na alama yake kwenye nguzo. Msumari mmoja na spana moja vyaweza kumrudisha mtoto darasani.

MAZOEZI

1. Pima urefu wa ndani wa mguu wako. Kokotoa kimo cha kiti chako kwa kuzidisha kwa 1.09, kisha linganisha na baiskeli ya nyumbani. Tofauti ni sentimita ngapi?
2. Baiskeli ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Gurudumu lake huenda mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Mpandaji akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, atakwenda kilomita ngapi kwa saa?
3. Baba anataka kubeba mzigo mzito zaidi kwa baiskeli hiyo. Je, aongeze meno ya nyuma au ayapunguze? Eleza sababu.
4. Kwa nini wapanda baiskeli watano wanaopokezana waweza kumshinda mmoja mwenye nguvu kuwapita?
5. Chagua baiskeli moja ya jirani au ya mwenzako. Kwa ruhusa ya mwenyewe, kagua kiti, breki na mnyororo wake, ukaandike taarifa ya ukurasa mmoja. Taarifa zilizo bora zitabandikwa katika ubao wa maabara.